Grafu ya kasi na wakati: eneo linageukaje kuwa umbali?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina grafu ya kasi na wakati ya gari. Gari linaanza kutoka 0, linafika mita 20 kwa sekunde baada ya sekunde 8, linakwenda kwa kasi hiyohiyo kwa sekunde 15, kisha linapunguza mwendo na kusimama baada ya sekunde 5 nyingine. Tumeambiwa tutafute umbali. Nimezidisha kasi kwa muda, 20 × 28, nikapata mita 560, lakini jibu nyuma ya kitabu ni mita 430. Rafiki yangu anasema natakiwa kutafuta eneo chini ya grafu. Kwani eneo si hupimwa kwa mita za mraba? Inakuwaje litoe umbali? Na grafu ikishuka chini ya mhimili wa wakati, eneo la huko nalijumlisha au nalitoa?

JIBU: Marahaba. Jibu la kitabu ni sahihi, mita 430, na rafiki yako naye hajakosea. Ila ukiondoka hapa na ile sentensi ya "umbali ni eneo chini ya grafu" peke yake, swali la kwanza lenye mtego litakuangusha. Wapo wanafunzi wanaoisema sentensi hiyo hata usingizini na bado wanakosa, kwa sababu hawajawahi kujiuliza eneo hilo limebeba nini. Wewe umejiuliza. Shaka yako ya mita za mraba ndiyo kiini cha mada nzima, basi tuanzie hapo. Hesabu zitafuata zenyewe.

Chora grafu yako kwenye karatasi ya miraba. Kwenye mhimili wa mlalo, kila kisanduku kiwe sekunde 1. Kwenye mhimili wa wima, kila kisanduku kiwe mita 5 kwa sekunde. Sasa paka rangi kisanduku kimoja tu, popote chini ya mstari. Upana wake ni sekunde 1, kimo chake ni mita 5 kwa sekunde. Zidisha:

5 m/s × 1 s = 5 m

Sekunde zinakatana, zinabaki mita. Kisanduku hicho kimoja ni mita 5 za barabara.

Mita za mraba hupatikana pale pande zote mbili za umbo zinapopimwa kwa mita, kama sakafu ya chumba. Kwenye grafu hii hakuna upande hata mmoja unaopimwa kwa mita. Upande mmoja ni muda, mwingine ni kasi, na ukizidisha kasi kwa muda unapata umbali. Ukitaka kuhakikisha, badilisha skeli: kisanduku kimoja kiwe sekunde 2 kwa mlalo na 10 m/s kwa wima. Kisanduku kilekile, ambacho rula inakipima vilevile, sasa kimebeba mita 20. Kwa hiyo ukubwa wa umbo kwenye karatasi hauna habari yoyote mpaka usome mihimili. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: kabla hujaandika kanuni yoyote, andika pembeni thamani ya kisanduku kimoja. Ukiwa na hiyo, kutafuta umbali ni kuhesabu visanduku, basi. Kanuni za pembetatu na trapeza ni njia za kuhesabu visanduku haraka.

Turudi kwenye gari lako, kwa skeli ya kwanza. Kipande cha kwanza ni pembetatu yenye kitako cha visanduku 8 na kimo cha visanduku 4, hivyo visanduku 16. Kipande cha kati ni mstatili wa 15 kwa 4, visanduku 60. Cha mwisho ni pembetatu ya 5 kwa 4, visanduku 10. Jumla 86, kila kimoja mita 5, unapata mita 430. Kwa namba zenyewe bila visanduku:

½ × 8 × 20 = 80 m
15 × 20 = 300 m
½ × 5 × 20 = 50 m
Jumla: 430 m

Ukiliona umbo zima kama trapeza, ni nusu ya jumla ya pande sambamba mara kimo: ½ × (28 + 15) × 20 = 430. Njia ni ileile, umeokoa mistari miwili tu. Mimi binafsi napendelea vipande vitatu kwenye mtihani, maana ukikosea kimoja msahihishaji anaona ulivyofikiri kwenye vingine.

Na zile 560 zako? Ni mstatili mzima wa 28 kwa 20, visanduku 112. Umehesabu visanduku 26 vya ziada, navyo viko kwenye pembe mbili: juu kushoto, pale gari lilikuwa bado linachukua mwendo, na juu kulia, pale lilikuwa linapunguza. Visanduku 26 ni mita 130, yaani mita ambazo gari halikuzipita. Kanuni ya kasi mara muda haina ubaya, ila inadai kasi iwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Gari lako lilikuwa na 20 m/s kwa sekunde 15 tu kati ya 28.

Hapa pengine utaniuliza: sawa, mstatili nimeuelewa, lakini pembetatu je? Kasi inabadilika kila wakati, nani kasema nusu ya kitako mara kimo inatoa umbali wa kweli? Ni swali la haki. Tazama sekunde 8 za kwanza moja baada ya nyingine. Mchapuko ni 20 ÷ 8, yaani kasi inaongezeka kwa 2.5 m/s kila sekunde. Katika sekunde ya kwanza kasi inatoka 0 hadi 2.5, wastani wake ni 1.25, hivyo gari linakwenda mita 1.25. Sekunde ya pili kasi inatoka 2.5 hadi 5, wastani 3.75, umbali mita 3.75. Ukiendelea unapata 6.25, 8.75, 11.25, 13.75, 16.25 na 18.75. Jumlisha zote nane: mita 80 kamili, sawa na pembetatu.

Ugawe kila umbali kwa 1.25 uone kinachotokea: 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15. Namba witiri, kwa mpangilio wake. Galileo Galilei aliandika kanuni hii katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638 alipoeleza vitu vinavyoanguka: kitu kikianza kutoka kusimama na kasi yake ikaongezeka kwa kiwango kilekile, umbali wa vipindi vinavyofuatana hukua kama 1, 3, 5, 7. Lakini hata yeye hakuwa wa kwanza kuona umbo lenyewe. Katika karne ya 14 wanazuoni wa chuo cha Merton, Oxford, walikwishasema kwamba kitu kinachoongeza kasi kwa usawa hupita umbali sawa na kile kinachokwenda muda huohuo kwa kasi ya wastani. Nicole Oresme wa Ufaransa, katika karne hiyohiyo, akalionyesha kwa mchoro: muda kwa mlalo, kasi kwa wima, pembetatu pembeni ya mstatili wenye nusu ya kimo chake. Kata ncha ya pembetatu, igeuze, inajaza pengo la mstatili barabara. Fanya hivyo na mkasi na karatasi kama huamini.

Na kuna wa kale zaidi. Mwaka 2016 mtafiti Mathieu Ossendrijver alieleza vibao vya udongo vya Babiloni, vya kati ya mwaka 350 na 50 kabla ya Kristo, ambamo wanajimu wa huko walihesabu mwendo wa sayari ya Mshtarii kwa kutumia trapeza. Tangu sayari inapoonekana upya, kwa siku 60, kasi yake angani inashuka kutoka dakika 12 za pembe kwa siku hadi 9.5 (dakika 60 za pembe ni nyuzi 1). Wastani ni 10.75, mara siku 60 unapata dakika 645, ambazo ni nyuzi 10 na dakika 45. Ndiyo trapeza ileile unayohangaika nayo wewe, isipokuwa upande mmoja ni siku na mwingine ni pembe kwa siku. Kisanduku chao kilibeba pembe badala ya mita.

Sasa swali lako la mwisho, la grafu inayoshuka chini ya mhimili. Jibu ni kwamba inategemea umeulizwa nini, na hapa ndipo alama nyingi hupotelea. Kasi ikiwa chini ya sifuri haina maana kwamba gari linakwenda taratibu sana. Maana yake limegeuka na linarudi. Visanduku vya juu ni mita za kwenda, vya chini ni mita za kurudi. Ukiulizwa umbali wote uliosafiriwa, jumlisha vyote, kwa sababu mita za kurudi nazo zimetembewa. Ukiulizwa kitu kiko wapi ukilinganisha na kilipoanzia, toa vya chini kutoka vya juu.

Chukua mpira unaorushwa wima kwenda juu kwa 20 m/s, na mchapuko wa uvutano tuufanye 10 m/s² ili hesabu ziwe nyepesi. Grafu ni mstari mmoja ulionyooka unaoanzia 20, unakata mhimili wa wakati kwenye sekunde ya 2, na kwenye sekunde ya 3 uko chini, kwenye hasi 10. Juu ya mhimili kuna pembetatu ya ½ × 2 × 20, mita 20: mpira umepanda. Chini kuna pembetatu ya ½ × 1 × 10, mita 5: umeanza kushuka. Mpaka sekunde ya 3 mpira umesafiri mita 25, lakini uko mita 15 tu juu ya mahali uliporushwa. Majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa swali lake.

Angalia kanuni uliyoizoea inasema nini: s = ut + ½at², ambamo u ni kasi ya mwanzo, a ni mchapuko, t ni muda. Weka u = 20, a = −10, t = 3, unapata 60 − 45 = 15. Kanuni imekupa mahali mpira ulipo. Haikukupa umbali uliosafiriwa, wala haikukuonya kwamba mpira uligeuka njiani. Grafu inakuonya, kwa sababu unauona mstari ukivuka mhimili. Kwa hiyo hata swali likija bila grafu, kitu kikiwa na uwezekano wa kugeuka, chora mwenyewe mchoro wa haraka. Tafuta kwanza mahali kasi inapokuwa sifuri, gawanya kazi hapo, kisha ndipo uhesabu pande mbili.

Usichanganye, hata hivyo, mstari unaoshuka na mstari ulio chini. Kipande cha mwisho cha gari lako kinashuka kutoka 20 hadi 0, lakini kote kiko juu ya mhimili. Gari bado linakwenda mbele, linapunguza mwendo tu, na zile mita 50 zinajumlishwa kama kawaida. Nimeona wengi wakizitoa na kupata 330. Wanaofanya hivyo huwa wanaisoma grafu hii kana kwamba ni ya umbali na wakati, ambako mstari unaoshuka kweli ni kurudi. Mkanganyiko huohuo ndio unaowafanya waseme gari limesimama katika zile sekunde 15 za katikati kwa kuwa mstari umelala. Kwenye grafu ya umbali, mstari uliolala ni kusimama. Kwenye grafu ya kasi, ni mwendo usiobadilika, na kusimama ni pale mstari unapogusa sifuri. Soma jina la mhimili wa wima kabla ya kitu kingine chochote.

Mpaka hapa mistari yetu ilikuwa imenyooka. Mwendo wa kweli mara nyingi unapinda. Mwaka 2009 mjini Berlin, Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Grafu yake ingelala kwenye sifuri kwa sekunde 0.146 za mwanzo, muda aliochukua kuitikia bunduki, kisha ingepanda kwa nguvu, ingepinda polepole na kupita kidogo 12 m/s, na kushuka kidogo karibu na utepe. Hakuna pembetatu wala trapeza inayolingana na umbo hilo. Hata hivyo eneo lake linajulikana bila kuhesabu: mita 100, si zaidi si pungufu. Na kasi yake ya wastani, 100 ÷ 9.58, karibu 10.44 m/s, ni kimo cha mstatili wenye eneo hilohilo na kitako hichohicho. Kwa gari lako ni 430 ÷ 28, karibu 15.36 m/s. Hiyo ndiyo tafsiri ya kasi ya wastani kwenye grafu. Si nusu ya kasi kubwa, kama wengine wanavyodhani.

Ukipewa mstari uliopinda bila kuambiwa umbali, una njia mbili za mkono. Ya kwanza ni kuhesabu visanduku vizima, na vile vilivyokatwa, ukivihesabu vinavyozidi nusu na kuviacha visivyofika nusu. Ni ya kukadiria, lakini kwa grafu iliyochorwa vizuri inatosha. Ya pili ni kuukata muda katika vipande vyembamba na kukichukulia kila kipande kama trapeza. Hii naipenda zaidi kwa sababu unaweza kujua kosa lako limeelekea upande gani.

Mfano: kasi ya chombo imepimwa kila baada ya sekunde 2, ikawa 0, 7, 12, 15 na 16 m/s. Tuseme kwanza kila kipande kilikwenda kwa kasi ya mwanzo wake: 2 × (0 + 7 + 12 + 15) = mita 68. Hiyo ni ndogo mno, maana kasi ilikuwa inapanda muda wote. Tukichukua kasi ya mwisho wa kila kipande: 2 × (7 + 12 + 15 + 16) = mita 100, nayo ni kubwa mno. Ukweli uko katikati. Trapeza nne zinatoa mita 84, ambayo ndiyo wastani wa hizo mbili. Sasa jiulize, 84 imezidi au imepungua? Chora uone: mstari wa kweli unapanda huku ukijikunja kuelekea mlalo, kwa hiyo paa la kila trapeza limepita chini yake na kuacha kipande chembamba juu. Jibu limepungua kidogo.

Limepungua kiasi gani? Namba hizo nilizitoa kwenye kanuni v = 4t − t²/4, hivyo tunaweza kukagua. Ukikata kila sekunde 1 badala ya 2, trapeza nane zinatoa mita 85. Kwa kalkulasi, tawi la hisabati linaloshughulika na vitu vinavyobadilika, umbali kamili ni mita 85.33. Kosa lilikuwa 1.33, sasa ni 0.33: upana wa vipande umepungua mara mbili, kosa limepungua mara nne. Kalkulasi utakayokutana nayo baadaye haifanyi kitu kigeni, inaendelea kuvipunguza vipande hivi mpaka kosa linakwisha.

Imebaki mitego miwili ya mihimili, nayo ni ya kuchukiza kwa sababu hesabu inakuwa safi na jibu linakuwa bovu. Mmoja ni vipimo visivyolingana. Wima umeandikwa kilomita kwa saa, mlalo umeandikwa dakika. Kasi ni 60, muda ni 12, mtu anaandika 720. Thamani ya kisanduku ingemwokoa: 60 km/h ni kilomita 1 kwa dakika, kwa hiyo dakika 12 ni kilomita 12. Na wima ikiwa km/h huku mlalo ni sekunde, gawanya kasi kwa 3.6 kwanza, 72 km/h ni 20 m/s.

Mtego wa pili ni mhimili wa wima ambao hauanzii sifuri. Wachoraji hufanya hivyo ili mabadiliko madogo yaonekane vizuri. Tuseme mhimili unaanzia 10, na mstari umenyooka kutoka 12 m/s hadi 18 m/s ndani ya sekunde 10. Eneo unaloliona kwenye karatasi ni ½ × (2 + 8) × 10, mita 50. Lakini chini ya ukingo wa mchoro kuna ukanda ambao haukuchorwa, wa kutoka 0 hadi 10 m/s kwa sekunde zote 10, na huo peke yake ni mita 100. Umbali wa kweli ni ½ × (12 + 18) × 10, mita 150. Kwa hiyo unaposema "chini ya grafu", shuka mpaka kwenye sifuri ya kasi, hata kama karatasi imeishia juu yake.